Kabureta Iliyooshwa Mara Nne: Tathmini ya Karakana ya Nyuma ya Soko la Kongowea

Kati ya mwezi wa Mei na mwezi wa Agosti mwaka huu, kabureta ya pikipiki yangu, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ilioshwa mara nne. Mara tatu za kwanza ilioshwa na mafundi wa kando ya barabara kisiwani Mombasa, kila mara kwa muda usiozidi dakika ishirini na kwa malipo ya shilingi 300, na kila mara tatizo lilirudi kabla mwezi haujaisha. Mara ya nne ilioshwa katika karakana ndogo iliyo nyuma ya soko la Kongowea, ikachukua siku moja na nusu, ikanigharimu shilingi 2,350, na hadi ninapoandika tathmini hii, wiki kumi na moja baadaye, pikipiki huwaka asubuhi kwa kiki moja. Karakana yenyewe siwezi kuitaja kwa jina kwa sababu haina kibao wala jina. Ina mlango wa mabati uliopakwa rangi ya samawati na benchi moja la mbao ambalo nitalizungumzia baadaye kwa malalamiko.

Pikipiki ni Boxer ya cc 150, na kazi yake ni kunivusha kila siku kutoka Mishomoroni hadi Mwembe Tayari na kunirudisha jioni. Dalili zilianza polepole. Barabarani ilikwenda vizuri, lakini kila niliposimama katika foleni ya daraja la Nyali injini ilizima mara tu nilipoachia mkono wa mafuta, nami nikalazimika kuipiga kiki katikati ya matatu zinazonipigia honi. Asubuhi haikuwaka bila choki, kile kizibo kinachopunguza hewa ili petroli izidi, na hata ilipowaka ilitaka choki ibaki nusu kwa karibu kilomita nzima. Mtu anayeijua kabureta angelitambua tatizo kwa kusikiliza maelezo hayo tu. Mimi wakati huo sikuijua, na kutojua kwangu ndiko kulikonifanya mteja mzuri wa shilingi 300.

Ni lazima nieleze kidogo jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi, kwa maana bila hilo msomaji hataona kwa nini dakika ishirini hazitoshi. Pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia koo la kabureta. Koo hilo limebanwa katikati, kwa hiyo hewa hupita hapo kwa kasi zaidi na shinikizo lake hupungua, na upungufu huo ndio unaoinua petroli kutoka katika bakuli la chini na kuipitisha kwenye jeti. Kuna jeti kubwa, inayolisha injini unapokwenda mbio, na kuna jeti ndogo, inayolisha injini inapounguruma pikipiki ikiwa imesimama au inapoanza tu kuondoka. Ndani ya bakuli huelea boya, ambalo likipanda husukuma sindano fupi na kufunga mlango wa petroli, na likishuka huufungua, sawasawa na lile boya la tangi la maji juu ya paa. Kwa uzito, petroli huhitaji hewa takriban mara 14.7 ili iungue yote, na wajibu wa kulinda uwiano huo umewekwa mikononi mwa matundu ambayo kwa jeti ndogo ni chini ya nusu milimita. Tundu la kiasi hicho huzibwa na punje ya kutu usiyoweza kuiona bila miwani. Huzibwa pia na ule utando wa kahawia, wenye kunata kama utomvu wa embe, unaobaki petroli inapokaa muda mrefu na sehemu yake nyepesi kuruka hewani.

Kwa hiyo pikipiki inayokwenda vizuri kwa kasi lakini inayozima ikisimama kwa kawaida ina jeti kubwa iliyo wazi na jeti ndogo iliyoziba. Fundi wa kwanza hakuifikia jeti yoyote. Alifungua skrubu ya chini ya bakuli, akaacha petroli imwagike mchangani, akaifunga, akawasha injini na kupuliza dawa ya kopo kupitia mdomo wa hewa hadi moshi mweupe ukatoka kwenye ekzosi, kisha akakaza skrubu ya mngurumo ili injini iungurume kwa sauti ya juu zaidi pikipiki ikisimama. Ikawa haizimi tena. Sikujua kwamba nilikuwa nimelipia kelele: jeti ndogo ilikuwa imeziba vilevile, na injini sasa ilikuwa ikiunguruma kwa mafuta ya njia ya mwendo, kama mtu mwenye mguu mbovu aliyefundishwa kuruka kwa mguu mmoja.

Hata hivyo sitaki kumlaumu kwa kila alichofanya. Kumwaga bakuli ni njia ya mkato iliyo halali. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo maji yaliyoingia hukaa chini kabisa ya bakuli, pale pale jeti zinaponyonya, na katika mvua za Mei, pikipiki ikianza kukwama baada ya kupita kwenye madimbwi au baada ya kuoshwa kwa pampu, kufungua skrubu hiyo kwa nusu dakika huweza kumaliza tatizo lote. Vivyo hivyo kuligonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi ili boya lililokwama liachie. Nimeona mafundi wazuri wakifanya hivyo kumfikisha mtu nyumbani. Kosa linaanza pale dharura inapouzwa kama matengenezo.

Fundi wa pili alikuwa na bidii zaidi, na kwa sababu hiyo alidhuru zaidi. Aliitoa kabureta, akalifungua bakuli, akaitoa jeti ndogo, akaitazama juani, akachomoa uzi mmoja wa chuma kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli na kuuingiza tunduni, akiusukuma na kuuvuta kama mtu anayesugua meno. Jeti hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, madini laini mbele ya chuma cha pua. Msomaji anayependa hesabu na azingatie hili: tundu la milimita 0.38 likipanuliwa likawa milimita 0.42, tofauti ambayo jicho haliioni, eneo lake huongezeka kwa zaidi ya asilimia 20, kwa maana eneo hufuata mraba wa kipenyo. Petroli nyingi zaidi hupita, na hakuna skrubu inayoweza kuirudisha shaba iliyokwisha kukwaruzwa. Pikipiki iliwaka vizuri siku hiyo. Baada ya wiki mbili plagi ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, na mimi ambaye nilizoea kupata kilomita 45 kwa lita nikawa napata 36.

Fundi wa tatu sitamweleza kwa urefu. Aligundua kwamba petroli inashuka kidogokidogo, akalaumu chujio dogo lililo kwenye mpira kati ya tangi na kabureta, akalikata na kulitupa, akaunganisha mpira moja kwa moja. Jeti aliizibua kwa chelewa aliyoikata kutoka kwenye ufagio, akasema kuwa chelewa haikwaruzi, na katika hilo alisema kweli. Asichokisema ni kwamba chelewa huvunjika. Siku nne baadaye, usiku, petroli ilianza kudondoka kutoka kwenye mpira wa chini wa kabureta, harufu ikajaa ukumbini, na mama mwenye nyumba akagonga mlango wangu saa saba za usiku kuniuliza kama nakusudia kuwachoma watu wote wa ploti. Uchafu wa tangi, usiokuwa tena na chujio la kuuzuia, ulikuwa umekaa kati ya sindano ya boya na kikalio chake, mlango wa petroli ukawa haufungi.

Aliyenielekeza Kongowea ni jirani anayebeba mikungu ya ndizi kutoka soko hilo kila alfajiri. Nilifika saa mbili asubuhi siku ya Jumanne, nikiisukuma. Fundi mkuu ni mtu mzima wa makamo, mpole, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi shingoni, na msaidizi wake ni kijana anayesemeshwa kama mwanafunzi chuoni. Nilimwambia kuwa nataka kabureta ioshwe. Hakuigusa kabureta.

"Kabla sijaifungua, mwanangu, petroli waitia wapi?"

Nilimjibu kwamba natia kwenye vituo, isipokuwa usiku ambapo huwa nanunua ya chupa pale njiani.

"Na tangi walijaza?"

"La, Mzee wangu. Huwa natia ya mia mbili, mia mbili."

"Basi tangi lako labeba hewa," akasema, akamwita kijana alete tochi.

Sijawahi kulitazama tangi langu kwa ndani. Kuta za upande wa chini zilikuwa na rangi ya matofali, na pembeni kabisa, mahali ambapo koki hainyonyi, kulikuwa na matone yaliyokaa chini ya petroli kama lulu. Alinieleza jambo ambalo kila mkazi wa mji huu angepaswa kulijua kuhusu paa lake la mabati na hakulifikiria kuhusu pikipiki yake: tangi lililojaa nusu au robo linavuta hewa ya nje kila linapopoa usiku, hewa ya Mombasa ina unyevu na chumvi, unyevu hugeuka maji kwenye chuma baridi, na maji hutengeneza kutu. Siku pekee ambazo mimi hujaza tangi ni tarehe 14 ya mwezi ikisemekana kwamba bei mpya ya EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, itapanda. Siku nyingine zote nimekuwa nikifuga kutu kwa awamu za shilingi 200.

Kuhusu ya chupa alikuwa mkali zaidi. Ni kweli kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuyachanganya na mafuta ya magari, lakini chupa iliyo kando ya njia haina pampu wala mkaguzi, na hata kama petroli iliyomo ni safi, chupa yenyewe ilikuwa ya maji au ya soda jana. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi kama petroli, kwa hiyo injini huwaka kwa taabu ikiwa baridi na huacha masizi kwenye plagi. Niliyapokea maneno hayo kwa aibu kidogo, kwa kuwa muuza chupa wa pale njiani ni rafiki yangu.

Sehemu inayofuata niliishuhudia mwenyewe kwa sababu niliomba ruhusa ya kazini nikabaki pale. Kwanza alifunga koki, akamwaga petroli yote kwenye dumu, akalitoa tangi na kumpa kijana. Kijana alilisukutua kwa maji na kokoto ndogo zilizooshwa, akilitikisa kwa muda ambao mikono yangu isingeweza, kisha akalijaza siki, akaliziba na kuliacha hadi kesho yake. Asidi ya siki ndiyo inayoila kutu. Bibi zetu walilijua jambo hilo waliposugua sinia za shaba kwa ukwaju, na nilipomwambia fundi hivyo alicheka, lakini akanionya nisije nikaichemsha kabureta katika maji ya ndimu kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, kwa sababu bodi ya kabureta si chuma cha tangi. Asidi huigeuza rangi na kuanza kuila, na unga mweupe unaotokea huwa uchafu mpya ndani ya njia zilezile unazotaka kuzisafisha.

Kabureta aliishughulikia mwenyewe. Kabla ya kuifungua aliipiga picha kwa simu kutoka pande zote. Skrubu za bakuli alizifungua kwa bisibisi iliyokaa sawasawa kichwani mwake, akanionyesha mojawapo ambayo mafundi waliopita walikuwa wameikwaruza hadi msalaba wake ukageuka shimo. Skrubu ya kurekebisha mchanganyiko hakuitoa ovyo. Aliikaza kwanza hadi chini, polepole, akihesabu mizunguko kwa sauti, akaandika hesabu hiyo kwa chaki ukutani. Ilikuwa mitatu na robo. Mmoja wa mafundi waliomtangulia alikuwa ameifungua kupita kiasi ili kuficha kuziba kwa jeti, na baada ya jeti kupanuliwa kwa waya hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Pini ya boya aliisukuma kwa kijiti, akikishika kinguzo chake kwa kidole kwa upande wa pili, kwa maana vinguzo hivyo vikivunjika kabureta nzima ni ya kutupa.

Kila kilicho cha mpira alikitoa kabla ya dawa kuingia. Nilimuuliza sababu, akanionyesha mpira wa duara kutoka kwa mteja mwingine uliowahi kulowekwa kwenye dawa ya kopo: ulikuwa umevimba na kuzidi mfereji wake. Ndipo akaitia dawa katika kila tundu la bodi, na hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho pekee kingestahili nauli ya kwenda Kongowea. Hakupuliza na kuendelea. Kila alipoweka ncha ya kopo katika tundu moja, aliangalia dawa inatokea wapi. Njia ya jeti ndogo ilipaswa kutokea kwenye vitundu vidogo vilivyo karibu na mdomo wa injini. Dawa ilitoka kwenye kimoja tu. Aliiloweka bodi, akaitia hewa ya kompresa kwa kinyume cha mwelekeo wa mafuta, akarudia, na katika mara ya nne kikatoka kipande cha chelewa chenye urefu wa punje ya mchele. Alikiweka kwenye kiganja changu bila kusema neno. Njia hiyo isingeweza kusafishwa na mtu yeyote asiyejua kwamba ipo, na jeti ingeweza kung'arishwa mara kumi bila pikipiki kupona.

Jeti ndogo aliikataa. Aliilinganisha na mpya chini ya kioo cha kukuzia, akanipa nami nitazame: tundu la mpya lilikuwa duara, langu lilikuwa na umbo la yai. Sindano ya boya nayo ilikuwa na alama ya mfereji kuzunguka ncha yake. Boya nalo alilipima kwa kulitikisa sikioni, kusikia kama limeingiwa na petroli, akaliweka, akapima urefu wake kwa rula, akakikunja kidogo sana kile kijiulimi cha boya kinachosukuma sindano, akapima tena.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, tangi lilisukutuliwa kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki, likaanikwa juani likiwa wazi, kisha likasuuzwa kwa petroli kidogo ili maji yaliyobaki yatoke pamoja nayo. Chujio jipya likawekwa. Kabla ya kuwasha, alikagua ule mpira mnene unaounganisha kabureta na injini, akitafuta nyufa, kwa sababu hewa ikipenya hapo huleta dalili zilezile za jeti ndogo iliyoziba na humfanya fundi aoshe kabureta isiyo na kosa. Mpira ulikuwa mzima. Aliiwasha, akaiacha ipate moto kwa dakika kumi, ndipo akaanza kurekebisha: skrubu ya mchanganyiko kutoka mizunguko miwili, robo kwa robo, akisikiliza, kisha mngurumo. Fundi anayerekebisha injini ikiwa baridi anarekebisha injini ambayo baada ya dakika kumi haitakuwepo. Sentensi hiyo ni yangu, lakini yeye alisema maana yake kwa maneno machache zaidi na kwa kumtazama kijana.

Sasa malalamiko, nayo si machache. Benchi la kungojea ni moja, liko juani hadi adhuhuri, na lina msumari. Hawatoi risiti; bei niliandikiwa nyuma ya kifuniko cha boksi la plagi baada ya kuomba. Mwanzoni niliambiwa "elfu moja hivi", na ingawa kila nyongeza ilielezwa na kuonyeshwa kabla haijafanywa, mtu aliyekwenda na elfu moja mfukoni angepata taabu. Simu haipokelewi kazi ikiendelea, jambo ninaloliheshimu kama mteja aliyeko ndani na ninalolichukia kama mteja aliyeko nje. Ile skrubu ya bakuli iliyokwaruzwa aliirudisha kama ilivyokuwa, akisema hana saizi yake na niirudie wiki ijayo. Nimeirudia mara mbili na bado hana. Msaidizi wake alimwaga petroli chafu katika dumu lisilo na mfuniko, karibu mno na mtu aliyekuwa akichomelea chuma katika karakana ya jirani, na nilipolisema, lilisogezwa hatua tatu tu.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: kuosha kabureta shilingi 1,000, tangi 700, jeti ndogo 200, sindano ya boya pamoja na gasketi ya bakuli 350, na chujio 100. Wapo watakaosema kwamba kwa fedha hizo mtu anakaribia kununua kabureta nyingine ya bandia, na ni kweli zipo madukani. Nilimuuliza fundi, akasema anazifunga kwa anayetaka, lakini jeti zake mara nyingi si za injini ile na tangi lenye kutu litaiziba mpya kama lilivyoiziba ya zamani. Mimi nilikuwa nimekwisha kutumia 900 kwa mafundi watatu, na sijahesabu petroli iliyopotea wakati jeti ilipokuwa na umbo la yai. Sasa nimerudi kwenye kilomita 44 kwa lita, na plagi nilipoifungua wiki iliyopita ilikuwa na rangi ya kahawia ya chai ya maziwa, rangi ambayo fundi alinielekeza niitafute.

Karakana hii haimfai kila mtu. Mwendesha bodaboda ambaye pikipiki ni chakula chake cha leo hawezi kuiacha siku moja na nusu, na huwezi kumtetea fundi kwa kumwambia mtu huyo avumilie. Kwa ajili yao fundi huweka kabureta mbili tatu zilizokwisha kuoshwa, humfungia mteja mojawapo ili aendelee na kazi, na kumrudishia yake ikiwa tayari. Niliona wawili wakifanyiwa hivyo bila malipo ya ziada. Wa tatu alikataliwa kwa sababu pikipiki yake ilikuwa ya aina nyingine na jeti hazingelingana. Akaondoka akinung'unika, na naamini alikwenda kwa mmoja wa mafundi wangu wa zamani.

Alikuwapo pia mtu aliyeleta pikipiki iliyotumika miaka kadhaa Nairobi, ikilalamika kwa kukosa nguvu na kupata joto kupita kiasi. Fundi alimuuliza kama jeti zilibadilishwa huko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na fundi wa huko akiweka jeti zenye matundu madogo zaidi ili kupunguza petroli anakuwa amefanya sawa kwa Nairobi. Ikishuka pwani, kwenye hewa nzito, petroli hiyo haitoshi. Plagi ya mtu huyo ilikuwa nyeupe kama chokaa. Kabureta yake haikuwa na uchafu wowote, na fundi hakuiosha wala hakumtoza ya kuosha. Kwa dakika kumi alimbadilishia jeti, akaweka yenye tundu kubwa zaidi, na kumtoza hiyo peke yake. Ni kwa ajili ya dakika hizo kumi, zaidi hata ya siku yangu moja na nusu, kwamba ninaipa karakana hii nyota nne. Ya tano imebaki kwenye msumari wa benchi na kwenye lile dumu.

Hufunguliwa saa mbili asubuhi kila siku isipokuwa Jumapili, na Ijumaa hufungwa saa sita kwa sala na kufunguliwa tena saa nane na nusu. Anayekwenda afike mapema, abebe fedha taslimu au simu yenye M-Pesa, na ahakikishe tangi halina petroli nyingi, kwa kuwa yote itaingia kwenye dumu la taka. Mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimejaza tangi siku moja kabla.